Msuluhishi si hakimu: kufundisha utatuzi wa migogoro katika vyuo vya maendeleo ya wananchi

Mpe mwanachuo wa mwaka wa kwanza kisa hiki: ng'ombe wa mfugaji wameingia shambani alfajiri na kula mahindi ya mkulima, pande zote mbili zimekaa mbele yako, wasuluhishe. Dakika tano haziishi atakuwa ameshauliza nani mwenye makosa, amemtaka mfugaji aombe radhi, na ametaja kiasi cha fidia. Nia yake ni njema na anaitaka amani kwa dhati, lakini alichotoa ni hukumu. Kazi yote ya kufundisha somo hili ni kumtoa mwanafunzi kwenye kiti cha hakimu na kumkalisha kwenye kiti cha msuluhishi, na safari hiyo ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye muhtasari wa somo.

Sehemu ya tatizo imo katika lugha yenyewe. Neno "usuluhishi" tumelibebesha kazi mbili. Wakati mwingine ni mtu wa tatu anayewasaidia wagomvi wapate makubaliano yao wenyewe. Wakati mwingine ni mtu wa tatu anayesikiliza na kuamua. Kwa Tanzania, jina la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, limezitenganisha kazi hizi vizuri: kwanza shauri husuluhishwa, kwa kawaida ndani ya siku 30, na lisipofikia mwafaka ndipo linakwenda kwenye uamuzi. Kenya neno lililozoeleka zaidi kwa ile kazi ya kwanza ni "upatanishi". Mkufunzi asipoufungua mkanganyiko huu siku ya kwanza, darasa litatumia neno moja kwa wiki kumi huku nusu ya wanafunzi wakimaanisha jambo jingine.

Kitu kinachosaidia ni kuchora mstari mmoja ubaoni. Mwisho wa kushoto andika mazungumzo ya wahusika wawili peke yao. Kinachofuata ni usuluhishi, kisha uamuzi wa mtu waliyemkubali, na mwisho wa kulia ni mahakama. Halafu uliza swali moja tu kwa kila kituo: nani ameshika kalamu ya mwisho? Katika vituo viwili vya kushoto, wahusika wenyewe ndio wameishika. Katika viwili vya kulia, wameiachia mikononi mwa mtu mwingine. Mwanafunzi akilishika swali hilo, anaweza kujua mwenyewe yuko wapi hata katikati ya kikao kilichochafuka.

Kwa Tanzania tofauti hii si ya darasani tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, wasiopungua 3 wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la kata, kwa muda mrefu, lilikuwa likisikiliza mashauri ya ardhi na kuyaamua. Marekebisho ya sheria ya 2021 yaliliondolea mamlaka hayo: sasa linasuluhisha, na likishindwa linatoa cheti kwamba limeshindwa, ndipo mtu aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda huko hata bila cheti. Maana yake ni kwamba watu waliozoea kuamua wametakiwa wajifunze kazi nyingine, na vijana wanaotoka vyuoni watakaa kwenye mabaraza hayo au kuyapelekea mashauri yao. Ndiyo maana vyuo vya maendeleo ya wananchi ni mahali panapofaa kabisa kwa somo hili. Vilianzishwa 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia, na sasa ni zaidi ya 50. Fundi umeme, mshonaji na mfugaji wanaosoma hapo hawaendi kuwa wanasheria. Wanarudi kijijini na mtaani, kule mgogoro unakoanzia.

Saa 40 na jinsi ya kuzigawa

Saa 40 ni kipimo cha kawaida cha mafunzo ya awali ya wasuluhishi katika nchi nyingi, na zinaingia vizuri kwenye muhula: wiki 10, vipindi 2 kwa wiki, saa 2 kila kipindi. Mgawanyo unaofaa kwa darasa la watu 24 ni saa 6 za kuchambua mgogoro, saa 10 za kusikiliza na kuuliza, saa 18 za igizo dhima, saa 4 za mipaka ya usuluhishi, na saa 2 za kuandika makubaliano.

Kosa linalojirudia ni kuugeuza mgawanyo huo juu chini. Mkufunzi anatumia wiki sita kufundisha nadharia kwa sababu nadharia inatungiwa mtihani kwa urahisi, halafu igizo linabaki kuwa burudani ya wiki ya mwisho. Mwanafunzi anatoka akiweza kutaja namna tano za kukabili mgogoro za watafiti Thomas na Kilmann, lakini akiwekwa kati ya baba mdogo na mpwa wake wanaogombea kiwanja hajui aanze na neno gani.

Kwenye uchambuzi zana mbili zinatosha. Ya kwanza ni kitunguu: ganda la nje ni msimamo, yaani kile mtu anachodai kwa sauti, la kati ni maslahi, yaani sababu ya kukidai, kiini ni hitaji, kama usalama, heshima au riziki. Ya pili ni ngazi tisa za kukua kwa mgogoro za Friedrich Glasl, mtaalamu wa Austria. Hakuna haja ya kukariri zote tisa. Inatosha mwanafunzi ajue kwamba katika tatu za mwanzo pande zote mbili bado zinaweza kupata, katika tatu za kati kila upande unataka mwenzake ashindwe, na katika tatu za mwisho kila mmoja yuko tayari aumie ili mradi mwenzake aumie pia. Mgogoro uliofika huko hauhitaji kijana mwenye daftari. Unahitaji mamlaka ya kuwatenganisha watu kwanza.

Kusikiliza, kwa Kiswahili

Hapa ndipo vitabu vilivyotafsiriwa huwapotosha wakufunzi. Swali la "kwa nini" kwa Kiswahili mara nyingi ni lawama. "Kwa nini uliacha ng'ombe usiku?" halijibiwi, hukanushwa. Mfunze mwanafunzi aulize "ilikuwaje?", "kikatokea nini baada ya hapo?", "hilo lilikuathiri vipi?". Zoezi lake ni rahisi na linachosha, nalo linapaswa kuchosha: wanafunzi watatu watatu, mmoja anasimulia kwa dakika 4, wa pili anarudisha alichosikia kwa maneno yake mwenyewe kwa dakika 1, wa tatu anahesabu. Anahesabu nini? Ushauri uliotolewa, neno "lakini", na mara ambazo msikilizaji alianza kusimulia ya kwake. Siku ya kwanza hesabu huwa kubwa. Rudieni mpaka ishuke hadi sifuri, hata ikichukua vipindi vitatu.

Neno "pole" ni hazina ambayo msuluhishi wa Kiswahili anayo na wengi hawaitumii ipasavyo. Pole haina kukiri kosa ndani yake. Unaweza kumpa mkulima aliyepoteza mahindi na ukampa mfugaji ambaye mtoto wake alifukuzwa kwa mapanga, na hakuna atakayesema umeegemea upande. Samahani ni kitu kingine. Samahani ina mwenyewe, na msuluhishi hana haki ya kumtaka mtu aitoe. Ikitolewa kwa kulazimishwa mbele ya watu, inakuwa deni la aibu litakalodaiwa siku nyingine.

Kuna neno la tatu ambalo ni la hatari: "yaishe". Mtu dhaifu katika mgogoro, mara nyingi mjane, mtoto wa nje au mgeni kijijini, akibanwa na kikao kilichojaa wakubwa atasema "basi, yaishe". Wote wanapumua, mwenyekiti anashukuru, watu wanaondoka. Huko ni kusalimu amri. Mwanafunzi afundishwe kwamba akisikia "yaishe", kikao hakijaisha. Aulize kwa upole: "Yaishe vipi, mama? Ukifika nyumbani leo, kitu gani kitakuwa kimebadilika?" Jibu likiwa "hakuna", warudi kwenye meza, au amwombe wazungumze faragha.

Igizo dhima linalofundisha kweli

Igizo likiandaliwa vibaya linafundisha uigizaji. Kila kundi liwe la watu 6: wasuluhishi 2, mkulima, mfugaji, na waangalizi 2. Darasa la 24 linatoa makundi 4, na kwa vipindi 9 vya saa mbili kila mwanafunzi anasuluhisha mara 3. Mara ya kwanza ataharibu, ya pili ataogopa, ya tatu ataanza kusikia.

Ufundi wote umo kwenye karatasi za siri. Kisa cha wazi kinasomwa na wote: robo tatu ya ekari ya mahindi imeliwa, mkulima anadai magunia 15, mfugaji ametoa magunia 3 na kusema asipoyakubali wakutane polisi. Halafu kila mmoja anapewa karatasi yake peke yake. Ya mkulima inasema kwamba shamba hilo huwa linatoa kama magunia 8 kwa ekari, kwamba mahindi yale yalikuwa ada ya binti yake, na kwamba kinachomuuma zaidi ni kuitwa mwongo mbele ya wanawe. Ya mfugaji inasema kwamba aliyekuwa akichunga ni mtoto wa miaka 11, kwamba mapito ya zamani ya mifugo kwenda kwenye lambo yamelimwa tangu msimu uliopita, na kwamba mkulima huyu ni mmoja wa waliolima hapo. Chini ya kila karatasi andika: usitoe habari hii mpaka uulizwe kwa namna inayokufanya uamini unasikilizwa.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayotenganisha hakimu na msuluhishi. Anayewahi kwenye fidia atapata mwafaka wa magunia 9 ndani ya dakika 15, katikati ya 15 na 3, na atafurahi. Hatajua kwamba robo tatu ya ekari isingeweza kutoa zaidi ya magunia 6 kwa mavuno ya kawaida ya shamba lile, na hatajua habari ya mapito. Mwezi ujao ng'ombe watapita palepale kwa sababu hawana pengine pa kupita. Johan Galtung, mtafiti wa amani wa Norway, aliipa amani majina mawili: amani hasi, pale mapigano yanapokoma, na amani chanya, pale kilichoyazaa kinapoondolewa. Mwanafunzi aliyepata magunia 9 ameleta ile ya kwanza. Na Tanzania inajua gharama ya kuiacha ya pili: Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji.

Muda wa kipindi ugawanywe hivi: dakika 10 za kusoma karatasi, pande zikiwa zimekaa mbalimbali, dakika 45 za kikao, dakika 5 za kuvua dhima, dakika 40 za tafakuri, dakika 20 za kurudia kipande kimoja kilichoharibika. Kuvua dhima si mapambo. Kila mchezaji asimame, ataje jina lake halisi, aseme kitu kimoja kinachomtofautisha na aliyemwigiza, na abadilishe kiti. Bila hivyo hasira ya igizo hubebwa hadi bwenini. Kwa sababu hiyohiyo, usitumie mgogoro halisi wa mwanafunzi aliye darasani. Katika vyuo hivi wapo wasichana waliorudi masomoni kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho baada ya kukatiza sekondari, wengi wakiwa na watoto, na visa vya nyumbani si nadharia kwao.

Tafakuri ndiyo huliwa kwanza muda ukibana, na ikiliwa kipindi kizima kimepotea. Mkufunzi mmoja hawezi kusikiliza makundi manne, kwa hiyo macho yake ni waangalizi. Wape karatasi yenye mistari michache ya kuhesabu: maswali ya wazi mangapi, maswali ya ndiyo au hapana mangapi, suluhisho la kwanza lilitajwa dakika ya ngapi na nani alilitaja, nani aliongea zaidi. Kisha waanze wagomvi kabla ya wasuluhishi kujitetea: "Ni wakati gani ulihisi umesikilizwa? Ni wakati gani ulijifunga?" Mfugaji akisema "nilitaka kukwambia habari ya mapito, ila ulikuwa unaandika", somo limefika bila mkufunzi kufungua kinywa. Karatasi hizo za waangalizi pia ndizo kipimo bora cha alama kuliko mtihani wa kuandika, hasa kwa mwanafunzi mwenye kipaji cha kusikiliza na kalamu nzito.

Hatua za kikao zenyewe hazina siri kubwa: ufunguzi, masimulizi ya kila upande bila kukatizwa, muhtasari, kutafuta maslahi, mapendekezo, maandishi. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo masimulizi yatapishana, na mwanafunzi asipoteze muda kutafuta nani mkweli. Hatua inayohitaji kuangaliwa ni ya faragha, pale msuluhishi anapokaa na upande mmoja pembeni. Muda wa pande zote ulingane, na kabla ya kurudi aulize: "Katika uliyoniambia, lipi nisiliseme kule?" Akisahau swali hilo akatoboa siri moja, kikao hakitengenezeki tena.

Kijana mbele ya wazee

Wanafunzi wenyewe hulileta swali hili: mtu wa miaka 20 atawasuluhishaje wazee? Na wengine huongeza methali, wagombanapo ndugu chukua jembe ukalime. Pingamizi hili lina uzito na lisipuuzwe. Wajir, kaskazini mwa Kenya, linatoa jibu la kweli. Mwaka 1993, katikati ya mapigano ya koo, wanawake ambao hawakuwa na kiti katika mabaraza ya wazee, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianzia mahali walipokuwa na mamlaka: sokoni. Walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote aweze kununua na kuuza kwa usalama, wakaweka watu wa kulifuatilia. Baadaye ndipo walipowaendea wazee, na kazi yao ikakua hadi kuwa kamati ya amani ya wilaya 1995.

Kwa mwanachuo, hiyo ina maana ya kutafuta mlango wake. Asiende peke yake. Asuluhishe pamoja na mzee anayeaminiwa na pande zote, yeye akishika daftari, maswali na muhtasari. Atoe shikamoo kwa kila mkubwa, wa upande huu na wa upande ule, kwa mpangilio uleule wa kukaa. Badala ya "naomba usimkatize", aseme "mzee wangu, nimeandika jina lako, zamu yako ni baada ya huyu". Na kama kuna utani kati ya makabila, kama ule wa Wachaga na Wapare, mtani anaweza kusema kweli ambayo hakuna mwingine angethubutu. Lakini utani una masharti. Anayeutumia awe mtani kweli, na hautumiki pale ambapo upande mmoja umeumizwa mwili.

Yasiyosuluhishwa

Saa 4 za mipaka hazipunguzwi kwa sababu yoyote. Ubakaji, ukatili wa nyumbani, ndoa ya mtoto, kujeruhi: haya ni ya kupelekwa kwenye mamlaka, na mwanafunzi aliyepata ujuzi wa kuongoza kikao ndiye atakayeitwa kwanza na familia inayotaka "kuyamaliza nyumbani" kwa mbuzi wawili na fedha kwa baba wa binti. Usuluhishi unadai watu wawili wanaoweza kusema hapana. Msichana aliyekaa mbele ya aliyemdhuru, baba yake akiwa ameshapokea fedha, hana uwezo huo. Darasa lifanye mazoezi ya kukataa kwa sauti, si kwa nadharia tu: "Mjomba, hili siwezi kulikalia. Naweza kukusindikiza Dawati la Jinsia na Watoto." Kila mwanafunzi aondoke na karatasi ya mahali pa kupeleka mambo katika wilaya yake: dawati la polisi, ustawi wa jamii, kituo cha afya, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto.

Zinabaki saa 2 za maandishi, ambazo ni za kazi ya mikono zaidi kuliko za maelezo. Wape wanafunzi hati inayosema "pande zote zimekubaliana kuishi kwa amani na kuheshimiana" na waulize: tarehe 15 Agosti utajuaje kama imetekelezwa? Kisha waandike upya kisa cha mahindi: mfugaji atatoa magunia 6 ya mahindi ya kilo 100, matatu kabla ya tarehe 15 Julai na matatu kabla ya tarehe 15 Agosti, yakipokelewa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mkulima hatalima sehemu yake ya mapito msimu ujao, pande zote zitapeleka suala la mapito kwenye halmashauri ya kijiji kabla ya mvua, gunia likichelewa zaidi ya siku 7, watarudi kukaa kabla ya yeyote kwenda polisi. Hati isomwe kwa sauti, hasa pale ambapo mmoja hasomi vizuri, na kila upande uieleze kwa maneno yake kabla ya kutia saini au dole gumba. Katika kuieleza huko ndiko mara nyingi hugundulika kwamba mmoja alisikia "magunia" na mwenzake alikuwa akifikiria madebe.